Jirani wa Bi Mahakama

3 Februari

Wifi yangu Bi Mahakama,

Kaka amefika salama. Mkoba amebeba, soksi kasahau. Asante kwa vitambaa vya meza, vimenipendeza. Sasa nisikilize, maana nina donge moyoni tangu nimwone anashuka kwenye basi peke yake.

Hii ni mara ya tatu unamtuma kaka yangu kama kifurushi. Mara ya kwanza ulikuwa na kesi. Mara ya pili goti. Safari hii namuuliza, "Mkeo yuko wapi?" ananijibu, "Hakujisikia tu." Wifi, mtu mzima asiyejisikia tu ni mtu aliyekasirika. Nimejipekua mwenyewe nikakumbuka ile siku nilivyokutania mbele ya watu, kwamba gauni lako la maua lilishonwa kwa ajili ya kochi. Kama ni hilo, nisamehe. Ulimi wangu hauna breki, unaujua.

Halafu ananiambia umehamia chumba cha watoto, eti yeye anakoroma. Nimelala chumba kimoja na huyo mtu utoto wangu wote. Anaongea usingizini, anavuta shuka, anapiga teke. Kukoroma, ng'o! Kuna nini hapo kwenu?

Simu sipigi, maana ukishasema "tuko salama" kaka anainyakua na kuiweka spika, nyumba nzima inasikiliza. Andika. Barua haina spika.

Hapa zahanati ni yale yale. Vyumba viwili, benchi moja, na muuguzi mmoja na nusu. Nusu ni yule mwenzangu anayeondoka saa sita kila siku, eti ana mgonjwa nyumbani. Anatuacha sisi tulio na wagonjwa kazini.

Wifi yako,
Bi Sindano


14 Februari

Wifi,

Sikukasirika. Gauni lilikuwa baya kweli, nimeshampa mtu, na huyo mtu naye sijamwona nalo.

Ni kazi tu. Kuna shauri limenishika. Ni bibi mmoja, mjane, watoto wa shemeji yake wamembadilishia kufuli ya nyumba mume hajamaliza mwezi kaburini. Bibi anajua lugha moja tu, ile ya upande wa mama yangu, na mahakama nzima mwenye kuijua ni mimi peke yangu. Wewe unajua nilivyo pale: kiapo changu ni kutafsiri kila linalosemwa mle ndani, neno kwa neno, kwenda na kurudi. Mtu akitukana natafsiri. Hakimu akisema leo kuna joto, natafsiri. Nikitoka mimi, bibi anabaki kiziwi na mahakama inabaki bubu. Kwa hiyo sina pa kwenda, si kwenu wala kwingine.

Kaka yako anakoroma. Umri umempata.

Mwisho, kuna jambo dogo, si langu. Nina jirani yangu mmoja, mwanamke wa makamo, anajua nina wifi muuguzi basi ananisumbua nikuulize. Anasema haja ndogo inamjia ghafla bila hodi, na ikishakuja haitaki mjadala. Mara nyingine hafiki. Amejaribu njia zake haikusaidia. Je, kuna dawa ya kununua tu dukani, asiende kokote?

Wifi yako,
Bi Mahakama


22 Februari

Bi Mahakama wangu,

Nimefurahi hujakasirika. Ningekosa mtu wa kumtania, nikapata vidonda vya tumbo.

Mwambie jirani yako hakuna dawa ya kununua tu dukani, na asithubutu. Mwambie pia hayuko peke yake. Wiki hii pekee wamekuja kwangu watatu, na wote walianza na habari ya mgongo. Tukamaliza mgongo, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, ndipo: "Nesi, kuna kitu kingine kidogo." Kitu kingine kidogo ndicho kilichomleta.

Nahitaji kumjua vizuri kabla sijasema lolote. Anakwenda mara ngapi kwa siku, na usiku anaamshwa? Ikimtoka, ni pale haraka inapomjia, au ni akikohoa na kucheka? Inamwasha? Ameona damu? Ana kiu isiyoisha? Anakunywa nini, na kiasi gani? Choo kikubwa anapata vizuri? Usicheke, vinahusiana. Kazaa mara ngapi?

Na hata akinijibu yote, lazima aende zahanati ya karibu apimwe mkojo. Huenda ni maambukizi tu, huenda ni sukari. Mimi si mganga wa kutibu watu kwa posta.

Kaka amesahau na miwani. Naituma na barua hii.

Bi Sindano


2 Machi

Wifi,

Miwani imefika, imevunjika mkono mmoja. Kaka yako ameufunga kwa uzi na anasema ni mtindo.

Nimemuuliza jirani. Mchana anakwenda kila saa au kabla ya saa, usiku anaamka mara nne. Ikimtoka ni kwa ile haraka, si kwa kukohoa. Haimwashi, damu hakuna. Kiu anayo, lakini ni ya kujitakia: haonji maji tangu alfajiri mpaka atoke kazini, ili kibofu kisipate cha kulalamikia. Anakunywa kahawa tu, nyeusi, chungu, kwa sababu usiku halali, ili mchana asisinzie mbele za watu. Kabla ya kuingia popote anakwenda kwanza msalani, hata kama hana kitu, kwa tahadhari. Choo kikubwa ni cha taabu. Watoto wanne. Hapandi basi la mbali, kwa sababu basi halisimami anapotaka yeye. Anayajua maduka yote ya mtaa kwa vyoo vyake, si kwa bidhaa.

Zahanati alikwenda. Alikuta benchi limejaa, na yule wa mapokezi anauliza kwa sauti ya mnadani, "Wewe mama, tatizo lako nini?" Kwenye benchi alikaa karani anayefanya naye kazi. Jirani akasema kichwa. Akapewa vidonge vya kichwa, akashukuru, akarudi navyo nyumbani.

Kwangu si kuzuri sana. Juzi nilitoka kidogo mahakamani, kizunguzungu, kikao kikaahirishwa. Yatapita.

Bi Mahakama


9 Machi

Wifi yangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, halafu nikakaa kwenye kiti cha wagonjwa nikaanza kuwapitia majirani zako. Usisahau nimekaa kwako mwezi mzima mwaka juzi. Kulia kwako ni ghala la saruji. Kushoto ni fundi pikipiki mwenye ndevu mpaka kifuani. Mbele ni ukuta wa shule, nyuma ni mfereji. Sasa niambie, ni nani kati ya hao aliyezaa watoto wanne? Saruji au ndevu?

Na huyo jirani hapandi basi. Na usiku anaamka mara nne, na wewe umehamia chumba cha watoto, kile kilicho karibu na choo. Na kaka yangu wa watu anasingiziwa kukoroma.

Nimecheka, wifi, sikufichi. Halafu nimeumia. Kila siku wanawake nisiowajua wananieleza mambo hayo hayo kwenye kile chumba changu chenye pazia la kuazima, halafu wewe, uliyenifundisha kusuka, uliyenishika mkono nilipojifungua, unaniletea jirani. Haya. Nimeshaumia, nimemaliza. Tufanye kazi.

Hiyo hali mimi naiita kibofu chenye pupa. Hakijajaa, lakini kinapiga kelele kimejaa, na wewe umekuwa ukikitii kila kinapopiga kelele. Ukienda kila nafasi kwa tahadhari, kinajifunza kutobeba. Kwa kuacha maji, mkojo unakuwa mkali, unakichokoza zaidi. Na kahawa ndiyo usiseme, hiyo ni kumpa mlevi mtungi aushike. Yaani kila ulichokifanya kujisaidia ndicho kinachokukimbiza. Si ujinga, kila mtu anafanya hivyo. Hata mimi ningefanya kama nisingesomea.

Lakini yote hayo nayasema nikiwa sijakupima, kwa hiyo bado ni maneno. Ndani ya bahasha hii kuna bahasha nyingine, nimeifunga kwa gundi. Nenda nayo zahanati. Akikuuliza huyo wa mnadani, mwambie, "Nina barua ya kumpa tabibu," basi, usiongeze neno. Mkabidhi tabibu mkononi. Nimeandika kila kitu, hutafungua mdomo.

Ukisema tena kichwa, nakuja mwenyewe na spika.

Bi Sindano


OFISI YA MSAJILI WA MAHAKAMA
12 Machi

Kwa: Mkalimani
Yah: KUONDOKA MAHAKAMANI BILA RUHUSA

Rejea mwenendo wa shauri la nyumba linalomhusu bibi mjane dhidi ya watoto wa shemeji yake.

Imeripotiwa kwamba uliondoka mahakamani shahidi akiwa katikati ya ushahidi, bila kuomba ruhusa ya Mheshimiwa Hakimu, na kwamba hii si mara ya kwanza. Wakili wa wadaiwa ameomba uondolewe katika shauri hili. Kwa kuwa hakuna mkalimani mwingine wa lugha husika, amependekeza nafasi yako ichukuliwe na ndugu wa wadaiwa anayeifahamu lugha hiyo.

Mheshimiwa Hakimu hajalikubali ombi hilo kwa sasa. Ukiondoka tena kwa namna hiyo, litakubaliwa. Shauri litaendelea tarehe 6 Mei.

Msajili


20 Machi

Wifi,

Nimekuwekea nakala ya barua ya Msajili uisome. Halafu endelea na hii yangu.

Jirani hayupo. Ni mimi. Mwaka wa pili sasa.

Nilishindwa kukuambia kwa sababu wewe ni mdogo wa mume wangu, na mimi ndiye niliyekuosha nywele. Na kwa sababu siku zote mimi ndiye mwenye majibu. Mle mahakamani nimesemea wezi, wajane, walevi na wachungaji. La kwangu mwenyewe likanikaba.

Siku ile haikuwa kizunguzungu. Bibi alikuwa anaeleza siku kufuli ilipobadilishwa. Ikanijia. Nikabana, nikajifanya nakohoa, nikatoka katikati ya sentensi yake. Sikufika. Nikafunga sweta kiunoni nikarudi. Wifi, nilimkuta bibi bado amesimama, mkono wake bado uko hewani alivyokuwa anaonyesha urefu wa mlango. Watu wote wanazungumza, wakili anazungumza, hakimu anazungumza, yeye anawaangalia midomo mmoja mmoja. Hajui kama ameshinda au amefungwa. Aliponiona akashusha mkono. Sijawahi kuona haya maishani kama siku ile, na si kwa sababu ya sweta.

Sasa unaona wanachotaka, na bibi naye anajua, maana ombi lao nilimtafsiria mwenyewe. Wanataka ndugu yao ndiye aseme kwa niaba yake. Bibi atasema "nyumba ni yangu," na kwa hakimu kitafika kitu kingine kabisa, na hakuna mtu pale atakayejua. Nikikimbia mara moja tu, nyumba imekwenda.

Zahanati nimekwenda na bahasha yako. Tabibu ni kijana, ameisoma, akainuka akafunga mlango, akarudi akaniuliza maswali mawili tu kwa sauti ya chini. Nikatamani kumpa mtoto wangu mmoja. Akanibonyeza tumbo, akanipima mkojo. Maambukizi hakuna, sukari hakuna. Anasema ulivyoandika ndivyo. Amenitaka niandike kwa siku tatu ninachokunywa na ninapokwenda, halafu nirudi.

Kaka yako bado hajui. Nimefikiria kuandika barua ya kuacha kazi kabla hawajaniondoa. Niambie ukweli: mpaka Mei hiki kitu kitakuwa kimetulia?

Wifi yako


28 Machi

Wifi yangu,

Ukweli ulioutaka: sijui. Wengi wanapata nafuu baada ya wiki sita hivi, wengine wanachelewa. Kupona moja kwa moja sikuahidi, nikikuahidi nitakuwa nakudanganya. Lakini kati ya kupona na kukimbia na sweta kuna nafasi kubwa, na hapo ndipo utafanyia kazi.

Barua ya kuacha kazi usiiandike. Ukiacha kazi kibofu hutakiacha, utakwenda nacho nyumbani.

Kwanza maji. Unywe, kidogo kidogo mchana kutwa, usiku upunguze. Kahawa iache polepole, ukiikata ghafla utapata kile kichwa ulichomdanganyia mtu wa mapokezi. Kula mboga, tumbo liende. Halafu mazoezi: ile misuli unayoikaza ukitaka kukata mkojo katikati, ikaze hivyo, hesabu taratibu, legeza, rudia. Fanya ukiwa umekaa, mara tatu kwa siku. Hakuna atakayejua. Mimi nafanya hapa nikiwa nawachoma watu sindano. Lakini usifanye kwenye choo chenyewe, huo ni mfano tu wa kuijua misuli.

Na ikikujia ile haraka, sikiliza vizuri, hapa ndipo kila mtu anapokosea: usikimbie. Ukikimbia umekiambia kibofu kiko sahihi. Kaa. Kaza haraka haraka mara kadhaa, pumua, fikiria kitu kingine, hesabu hata vigae. Inapanda, inafika juu, inashuka. Ikishashuka, ndipo unainuka kama mtu mwenye heshima zake unakwenda. Na ule muda kati ya kwenda msalani mara moja na nyingine uwe unaurefusha kidogo kila wiki.

Vidonge vipo. Lakini vile tulivyo navyo sisi vinakausha kinywa na kufunga choo, na wewe choo chako tayari ni kesi. Mkalimani mwenye ulimi uliokauka atasema nini? Tuviache akiba. Tabibu wako anakubaliana nami, nimempigia.

La mwisho utalikataa, lakini naliandika. Mwombe hakimu mapumziko. Kabla hujazidiwa, kwa maneno ya kawaida. Mtu mwenye goti bovu anaomba kiti. Wewe unaomba msalani. Barua ya Msajili inasema "bila ruhusa." Basi omba ruhusa.

Na mwambie kaka. Maskini anafikiri ananuka.

Bi Sindano


15 Aprili

Wifi,

Kaka yako nimemwambia. Nilijiandaa kama ninayekwenda kutoa ushahidi, nikamweleza yote. Akasema, "Kwa hiyo si mimi?" Nikasema si wewe. Akavua ile miwani ya uzi akafuta macho, akasema amenunua sabuni tatu tofauti tangu mwaka jana. Tumecheka mpaka fundi pikipiki akagonga ukuta. Nimerudi chumbani. Sasa sikiliza: anakoroma. Nilimsingizia, kumbe kweli.

Mengine ni panda shuka. Usiku naamka mara mbili, ni ajabu. Mchana nafikisha saa mbili bila kwenda, juzi nilipitiliza. Ile ya kukaa na kuhesabu nilidhani ni maneno yenu ya zahanati, mpaka Jumatatu ikanijia nikiwa kwenye foleni ya umeme. Nikaganda pale pale nikakaza. Mtu wa nyuma ananiuliza, "Mama, unasogea?" Nikamwambia subiri. Ikashuka, wifi! Ikashuka yenyewe kama mtoto aliyechoka kulia. Nikalipa umeme, nikaenda kwa miguu yangu. Jana lakini sikuwahi, nikaoga nikalia kidogo. Kahawa bado nakunywa kikombe kimoja asubuhi, usinigombeze.

Hakimu simwombi. Hapo tuachane. Mahakamani ni kimya, wifi, mtu akidondosha kalamu kila mtu anageuka. Nisimame mimi, mbele ya wakili yule aliyeomba nifukuzwe, niseme "kibofu"? Na chochote kinachosemwa mle kinaingia kwenye mwenendo wa shauri, kinachapwa, kinakaa kwenye faili milele. Nitavumilia. Nimejizoeza.

Bi Mahakama


22 Aprili

Wifi,

Ulivumilia na mara ile. Sina la kuongeza.

Kikombe kimoja sawa. Siku ya tarehe sita acha hata hicho.

Bi Sindano


7 Mei

Wifi yangu,

Nimekata tiketi. Nakuja na kaka yako mwisho wa mwezi, viti vya mbele, na nimeshaongea na dereva, amesema atasimama, mama yake naye yuko hivyo hivyo. Lakini hilo baadaye. Kwanza nikusimulie ya jana.

Kahawa sikunywa. Maji nilikunywa, kidogo. Msalani nilikwenda mara moja tu, kwa sababu nilikuwa nayo, si kwa tahadhari. Tukaingia.

Bibi akaongozwa vizuri na wakili wake. Alisimama na lile gauni lake moja la kutokea, ameshika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Akasema mume alijenga vyumba viwili, yeye akakanda udongo. Nikatafsiri. Ikanijia hapo, mara ya kwanza. Nikakaza, nikahesabu mistari ya dari, mdomo unaendelea kutafsiri. Ikashuka. Hata karani wa pembeni yangu hakuona kitu.

Akainuka wakili wa wadaiwa. Ni mwanamke, kijana, mkali, viatu vinagonga sakafu. Maswali yake hayana mwisho. Mlijenga mwaka gani, nani alileta bati, risiti iko wapi, kwa nini huna. Bibi anajibu, mimi napeleka na kurudisha. Ikanijia ya pili. Hiyo ilikuwa na nguvu, jasho likanitoka mgongoni, lakini ikashuka. Nikajiuliza, ya tatu nikiisubiri itanikuta wapi? Itanikuta bibi yuko katikati ya sentensi, mkono hewani. Wakili yule akageuka, akamwangalia ndugu yao aliyekaa kiti cha mbele, kijana mwenye kitambulisho shingoni, tayari kabisa kuchukua kiti changu.

Nikanyoosha mkono.

Hakimu akasema, "Mkalimani, kuna nini?"

Nikasimama. Nikasema, "Mheshimiwa, naomba mapumziko mafupi. Nina maradhi ya kibofu, natibiwa. Nahitaji kwenda msalani, na sitaki kumwacha shahidi katikati ya jibu."

Ulisikia kalamu ikidondoka? Hakuna hata aliyedondosha. Nyuma mtu akacheka puani, akanyamaza.

Na bibi akanigeukia. Yeye kila mtu akisema neno mle ndani ananigeukia mimi kujua limesemwa nini. Ananiangalia, anasubiri. Ningeweza kumwambia "tunapumzika," ikaisha. Lakini kiapo kinasema kila linalosemwa, wifi, na aliyesema safari hii ni mimi. Nikamtafsiria. Yote. Kibofu, msalani, na kwamba sitaki kumwacha. Katika lugha ya mama yangu hakuna namna ya kulisema hilo kwa heshima, ni neno la watoto. Nikalisema hivyo hivyo.

Bibi akasema maneno, mengi kidogo, kwa sauti ya juu kama anavyosema siku zote, maana anadhani wasiomwelewa hawasikii.

Hakimu akauliza, "Shahidi anasemaje?"

Nikatafsiri. "Mheshimiwa, shahidi anasema: Afadhali umesema, mwanangu. Mimi nimebana tangu asubuhi. Niliogopa kuomba, kwa sababu nilijua ungetoka na mimi kunionyesha njia, na wale wanakuwinda ukitoka tena wakufukuze."

Hakimu akavua miwani. Akaiweka mezani, akamwangalia wakili, akamwangalia yule kijana wa kitambulisho. Akasema tunapumzika, na kwamba kuanzia sasa shauri hili litakuwa na mapumziko katikati ya kila kikao, na iandikwe. Karani akaandika. Akasema pia hahitaji kusikia tena habari ya mkalimani mwingine, na hilo nalo liandikwe. Nikamtafsiria bibi. Akaitikia kwa kichwa kama aliyekuwa akijua siku zote.

Basi tukatoka, mimi nimemshika mkono, au yeye kanishika mimi. Hatukukimbia. Choo cha wanawake ni kimoja na kilikuwa na mtu, tukasimama mlangoni tunasubiri. Mara nasikia viatu vinagonga sakafu nyuma yetu. Yule wakili. Akasimama nyuma yetu na joho lake, anaangalia ukutani.

Bibi akageuka akamtazama kuanzia juu mpaka chini, akasema neno.

Wakili akaniuliza, kwa mara ya kwanza bila ukali, "Anasemaje?"

Hatukuwa tena mbele ya hakimu. Sikulazimika. Nikatafsiri, neno kwa neno.

"Anasema: Pita mbele, mwanangu. Naona jinsi ulivyobana miguu."

Wifi yako,
Bi Mahakama